Mguu wa Nani? Uadilifu wa Kucheza kwa Umbo la Mwingine, Kutoka Ncha za Baleti hadi Viwanja vya Kwale

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali la kimaadili ambalo wahakiki wa sanaa za maonyesho wamezoea kulipita kando: je, mwanamume anapocheza kwa umbo ambalo jamii imelitenga kuwa la mwanamke, anamkosea mtu? Na kama anamkosea, anamkosea nani, na kosa lenyewe ni lipi? Swali hili limejadiliwa sana huko Ulaya na Marekani kuhusu wanaume wa baleti wanaocheza kwa ncha za vidole vya miguu, jambo lililohesabiwa kuwa la wanawake kwa karibu karne mbili. Katika pwani ya kusini ya Kenya swali hilohilo limekuwapo muda mrefu, ingawa halikuitwa kwa jina hilo. Limo katika ngoma za pepo za Wadigo, limo katika vinyago walivyorithi Wamakonde wa Msambweni, na limo katika chakacha inayochezwa jioni mbele ya wageni katika hoteli za Diani.

Suala hili si geni kwa mhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Lugha yenyewe inalidokeza. Mtu akisema "anacheza kwa ncha za vidole", kiambishi cha nafsi ya tatu hakimwambii msikilizaji kama mchezaji ni mume au mke. Sarufi imeacha nafasi wazi, na jamii ndiyo inayoijaza. Ndiyo maana ni halali kuuliza jamii inaijaza kwa hoja gani, na kama hoja hizo zinasimama.

Dai la makala haya ni kwamba jinsia ya mwili wa mchezaji haitoshi kuwa kipimo cha uadilifu wa tendo lake. Vipimo vinavyofaa ni viwili. Cha kwanza ni deni: je, mchezaji amelilipia umbo analolitumia kwa kujifunza na kuvumilia yale ambayo wenye umbo hilo huvumilia? Cha pili ni jibu: je, yule anayeigizwa ana nafasi ya kulijibu igizo hilo? Vipimo hivi havikuagizwa kutoka ng'ambo. Vinapatikana katika mazoea ya viwanja vya Kwale vyenyewe.

2.0 Ncha ya Kidole na Maana Iliyobebeshwa

Kucheza kwa ncha katika baleti ni kusimama na kusogea huku uzito wote wa mwili ukibebwa na vidole vya miguu, ndani ya kiatu ambacho mbele yake kimekazwa kwa tabaka za kitambaa na gundi. Marie Taglioni alipoonekana jukwaani Paris mwaka 1832 katika La Sylphide, alivaa viatu laini vilivyoimarishwa kwa nyuzi tu. Kiatu kigumu kilikuja baadaye katika karne hiyo ya 19. Nafasi aliyocheza ilikuwa ya kiumbe wa kike wa hewani, na kusudi la ncha lilikuwa kumwonyesha kana kwamba hana uzito. Hivyo umbo hili lilizaliwa likiwa tayari limebebeshwa maana: mwanamke ni hewa, na mwanamume ni nguzo ya kumshika asianguke na kumwinua apae.

Maana hiyo haikutoka mguuni. Nchini Georgia, katika eneo la milima ya Kaukasi, wanaume ndio wanaocheza juu ya vidole, tena katika buti laini lisilo na kitu kigumu ndani yake, na tendo hilo huhesabiwa kuwa la kishujaa. Mguu ni ule ule na maumivu ni yale yale, lakini jamii moja imeona wepesi wa kike na nyingine imeona ujasiri wa kiume. Kwa hiyo anayesema kwamba mwanamume kucheza kwa ncha ni kinyume cha maumbile anachanganya maumbile na desturi.

Baleti yenyewe ilimruhusu mwanamume kupanda ncha, lakini kwa masharti. Mwaka 1964 Frederick Ashton alitunga The Dream kutokana na tamthilia ya Shakespeare, na mhusika Bottom, baada ya kugeuzwa kichwa cha punda, akacheza kwa ncha. Ncha zake zilikuwa kwato. Mwanamume alipewa umbo la kike pale tu alipokwisha kutolewa katika ubinadamu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1974, kundi la wanaume liitwalo Les Ballets Trockadero de Monte Carlo lilianzishwa New York, likacheza nafasi za wanawake kwa ncha na kwa mzaha. Sharti la pili, basi, lilikuwa kicheko. Mwaka 2018 Chase Johnsey, aliyekuwa amecheza miaka mingi na kundi hilo, alicheza London na English National Ballet katika safu ya wanawake, bila mzaha. Mjadala uliofuata ulionyesha kwamba kuondolewa kwa kicheko ndiko kulikowasumbua baadhi ya watazamaji kuliko ncha zenyewe.

Wala haifai kudhani kwamba baleti ni ya watu wengine tu. Joel Kioko, kijana aliyekulia Kuwinda, Nairobi, alikwenda London mwaka 2017 kujifunza katika shule ya English National Ballet. Mvulana wa Kikenya anayejifunza baleti hukutana na swali la umbo mara mbili: umbo lisilo la jinsia yake na umbo lisilo la kwao. Swali hilo la pili haliwezi kujibiwa vizuri kabla ya kutazama yale ambayo kwao huko wamekwisha kuyafikiri.

3.0 Kiti na Mpandaji

Katika ngoma ya pepo, ijulikanayo katika vijiji vingi vya Kwale kwa jina la ala yake kuu, kayamba, mgonjwa huketishwa, kayamba zikatikiswa, nyimbo zikaimbwa, mpaka pepo apande kichwani. Akipanda, mtu hucheza mwendo wa pepo wake. Pepo wana majina, makabila, dini na jinsia. Pepo mume anaweza kumpanda mwanamke, na hapo mwanamke huyo hubadili sauti na mwendo, akadai vitu ambavyo mwanamke wa kawaida hadai. Mwenye kupandwa huitwa kiti.

Neno hili linastahili kuchukuliwa kwa uzito kama istilahi ya uhakiki. Kiti si mwigizaji, wala si mdanganyifu. Hakuna mwanakijiji anayesimama kusema kwamba mama fulani amejifanya mwanamume. Umbo linahesabiwa kuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo ni tofauti na mwili uliolibeba. Kwa mtazamo huu, kuuliza kwa nini mwili wa jinsia hii umebeba mwendo wa jinsia ile ni sawa na kuuliza kwa nini kiti cha mti kimekaliwa na mtu.

Hata hivyo uhuru huo una gharama. Kiti huugua kwanza. Hupimwa, hupewa masharti ya vyakula na mavazi, hutumia mali ya nyumba, na hucheza mpaka mwili uchoke. Huku ndiko kulipa deni. Mtu akiingia uwanjani akayumbayumba bila kupitia hayo, watu watamcheka na mganga atamtoa. Jamii inayomvumilia mwanamke akitembea kiume haimvumilii mtu anayetembea kipepo bila pepo.

Roger Gomm, katika utafiti wake wa mwaka 1975 kuhusu pwani ya kusini ya Kenya, alieleza upagawaji huu kuwa njia ya wanyonge, hasa wake, kujadiliana na wenye nguvu, hasa waume. Pepo anadai nguo, mume ananunua nguo. Maelezo haya yamekosolewa kwa kuipunguza imani kuwa hila, na ukosoaji huo una haki. Lakini Gomm aliona jambo moja la msingi: umbo linalobebwa katika ngoma hii husema na husikilizwa. Mume yupo pale, anatajwa, anajibu, anakubali au anakataa. Anayeguswa na igizo anashiriki katika igizo. Hiki ndicho kipimo cha jibu, na katika uwanja wa kayamba kimetimizwa.

Msomaji wa tamthilia atakumbuka kwamba Ebrahim Hussein aliutumia ugumu huu katika Kinjeketile (1969). Mhusika mkuu anapandwa na Hongo, anatoka na neno, na baadaye neno hilo linakuwa na nguvu kumzidi yeye mwenyewe. Msiba wake unaanza pale anaposhindwa kutofautisha sauti yake na sauti aliyoibeba, ilhali watu wamekwisha kuliamini neno. Kubeba umbo lisilo lako si dhambi. Kutoweza kulitolea hesabu ndiko kunakoleta maafa.

4.0 Mwanamume Aliyevaa Mimba

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Wamakonde waliingia Kwale kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, hasa Ramisi, ambako kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1988. Kijiji cha Makongeni huko Msambweni kinajulikana kuwa chao. Wanatoka katika utamaduni ambao, katika uwanda wa Mueda na ng'ambo ya mto Ruvuma, mwanamume huvaa kinyago kiitwacho lipiko na kutokea mbele ya kijiji wakati wa sherehe za jando na unyago. Wako pia wachezaji waliofunikwa nyuso wanaocheza juu ya miguu ya miti, wakawa warefu kuliko mapaa. Hawa nao, kama Taglioni, wameinuliwa kutoka ardhini ili wasionekane kuwa watu wa kawaida, lakini kilichowainua kinawatisha watazamaji badala ya kuwavutia.

Miongoni mwa vinyago hivyo kipo kimoja kinachogusa moja kwa moja swali letu: kinyago cha mwili. Ni ubao uliochongwa tumbo la mwanamke mjamzito, na matiti, na chale za urembo, nao hufungwa kifuani mwa kijana wa kiume. Akikivaa pamoja na kinyago cha uso, kijana huyo hucheza polepole, akiigiza uzito wa mimba na uchungu wa kuzaa. Vinyago vya namna hii vimo leo katika makumbusho ya Ulaya, vimetundikwa ukutani bila mwili ndani yake.

Je, tendo hili ni heshima au ni unyang'anyi? Hoja ya heshima ni nzito. Kijana anafundishwa mbele ya kadamnasi kwamba uhai wake ulitokana na maumivu ya mwingine. Hakuna mzaha wa kumdhalilisha mzazi. Ubao unalemea, jua linawaka, na mwili wa kiume unalazimika kutembea kwa mwendo usio wake. Kwa kipimo cha deni, mchezaji huyu amelipa kuliko wengi wanaojisifu kuwaelewa wanawake kwa maneno.

Lakini kwa kipimo cha jibu hali ni tofauti. Siri ya lipiko ilikuwa ya wanaume. Mwanamke hakutakiwa kujua, au hakutakiwa kuonyesha kwamba anajua, kuwa ndani ya kinyago mna mtu. Hivyo yule ambaye tumbo lake liliigizwa, aliyezaa kwa kweli, alisimama pembeni na kunyamaza, akitazama uchungu wake ukichezwa na asiyeweza kuupata. Hapa ndipo penye kosa. Mwanamume hakukosea kwa kuvaa mimba. Alikosea, au desturi ilikosea kwa niaba yake, kwa kumnyima mwenye mimba haki ya kusema kama ndivyo ilivyo.

Historia yenyewe imeonyesha kwamba dosari hiyo inaweza kurekebishwa bila kuiua ngoma. Paolo Israel, katika kitabu chake cha mwaka 2014 kuhusu mapiko ya Msumbiji, ameonyesha kuwa baada ya uhuru wanawake nao waliingia kuvaa vinyago na kucheza. Siri haikuwa tena ya upande mmoja. Waliokuwa wakiigizwa walijibu kwa umbo lile lile.

Kipimo cha jibu kinawahusu pia Wamakonde wa Kwale kama jamii. Kwa miongo mingi vinyago vya Wamakonde vilinunuliwa na watalii wa pwani kama alama ya Afrika, huku watu wa Makongeni wakiwa hawana vitambulisho vya Kenya. Sura ya kazi yao ilikuwa kila mahali, na wao wenyewe hawakuwapo katika daftari la nchi. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Ikulu ya Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Hakuna uhakiki wa sanaa yao unaoweza kuwa mwadilifu ukisahau kwamba kwa muda wote huo umbo lao lilitumiwa na wengine bila wao kuwa na pa kujibia.

5.0 Chakacha Mbele ya Wageni

Mfano wa tatu ni wa kila jioni. Chakacha ni ngoma ya wanawake wa pwani. Kwa asili ilichezwa arusini, ndani ya uwanja wa wanawake, leso zikiwa zimefungwa viunoni, na bibi arusi akifundishwa bila kuhubiriwa. Katika miaka ya 1980 bendi za pwani, mathalani Mombasa Roots, ziliitia katika magitaa na kuirekodi, na katika hoteli ikawa sehemu ya burudani ya wageni. Uwanja uliokuwa umefungwa ukafunguliwa, na mwanamume naye akaweza kufunga leso kiunoni na kuingia.

Kwa haraka mtu angesema kuwa mwanamume huyu ni ndugu wa yule anayecheza kwa ncha jijini London, na kwamba anayemtetea mmoja hana budi kumtetea mwingine. Ulinganifu huo unadanganya. Baleti ilikuwa jukwaa la wazi tangu mwanzo, na mwanamume anayepanda ncha hamwondolei mwanamke ncha zake. Chakacha ilikuwa pia mahali, mbali na kuwa umbo. Ilikuwa saa chache ambazo mwanamke alikaa bila macho ya mwanamume. Umbo likitolewa pale, mahali nako kunavunjika, hata kama hakuna aliyekusudia kukuvunja.

Aidha, kuna tofauti katika kicheko. Wanaume wa Trockadero huchekesha, lakini mzaha wao unasimama juu ya ustadi: mtu aliyejifunza ncha kwa miaka ndiye anayeanguka kwa makusudi, na kinachochekwa ni utukufu wa baleti yenyewe. Mwanamume anayezungusha kiuno nusu saa mbele ya wageni waliomaliza chakula cha jioni, bila kujua nyimbo wala maana yake arusini, humfanya mwanamke wa pwani kuwa kichekesho mbele ya watu wasiomjua. Hajalipa deni, na anayechekwa yuko nyumbani Ukunda au Msambweni, hana habari. Vipimo vyote viwili vimeanguka kwa pamoja.

Haki inadai kuongeza kwamba mchezaji huyo pia ana njaa. Kazi ya hoteli ni kazi, na msimu wa watalii ukipita, hapana leso wala ngoma. Lawama ya kimaadili haipaswi kumwangukia aliye chini peke yake. Anayepanga ratiba ya burudani, anayeamua kwamba dakika thelathini zinatosha kwa ngoma ya usiku kucha, ana sehemu kubwa zaidi ya deni hilo.

6.0 Pingamizi la Uhuru wa Msanii

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni kwamba inaua ubunifu. Kama umbo la mwingine halitumiwi mpaka deni lilipwe na jibu lipatikane, basi mwandishi wa kiume asiandike mhusika wa kike, na mshairi asitunge kwa nafsineni isiyo yake. Shaaban Robert asingaliandika wasifu wa Siti binti Saad, na taarabu ingepoteza nyimbo nyingi zilizotungwa na wanaume ziimbwe na wanawake.

Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama vipimo vyetu vingekuwa vya kuzuia. Kusudi lake ni kupima. Fasihi andishi inatimiza kipimo cha jibu kwa urahisi kuliko ngoma: kitabu kinasomwa, kinapingwa, na mwanamke anaandika chake. Mwimbaji wa taarabu anayepewa shairi la mwanamume hulibadili kwa sauti, kwa jicho, kwa kurudia kibwagizo pale anapotaka, na hadhira ya wanawake humtunza au humnyima. Jibu limo ndani ya onyesho lenyewe. Kwa sababu hiyo mshairi ana uhuru mpana, na ana uhuru huo kwa kuwa hayuko peke yake uwanjani.

Upande wa pili wako wanaosema kwamba kila umbo libaki kwa mwenyewe, mume kwa mume na mke kwa mke. Hawa wanajidai kulinda mila, lakini mila ya Kwale haiwaungi mkono. Jamii inayomkubali mwanamke aliyepandwa na pepo mume, na majirani waliorithi kinyago cha mimba, hazikuogopa kuvuka mpaka. Walichoogopa ni kuvuka bila adabu.

7.0 Hitimisho

Mwanamume anayecheza kwa ncha za vidole hamkosei mwanamke kwa kuwa mwanamume. Akiwa amejifunza mpaka vidole vyake vikachubuka kama vya wenzake wa kike, na akiwa anacheza pamoja nao katika safu ambayo wao wanaweza kumkubali au kumkataa, tendo lake ni adilifu hata kama watazamaji wamefadhaika. Kijana wa kinyago cha mimba alilipa deni lakini desturi ilimziba mdomo aliyeigizwa, mpaka wanawake walipojitwalia kinyago wenyewe. Mchezaji wa chakacha ya hoteli mara nyingi hajaulizwa hata swali moja kati ya haya mawili.

Kwa mhakiki, matokeo ni ya vitendo. Shule ya wavulana inapowasilisha ngoma ya wanawake wa Kidigo katika tamasha la muziki, majaji hutazama mavazi, sauti na mpangilio. Inafaa pia waulize nani aliwafundisha wavulana hao, walikaa na bibi gani na kwa muda gani, na kama bibi huyo ameitwa kuja kuitazama. Akiwapo ukumbini, na akiwa huru kutikisa kichwa, wavulana na wacheze.